Karisa Kombe na Wimbo Aliokataa Kuumaliza

Ndugu, jamaa na majirani, aliyelala mbele yetu ni Karisa Kombe, na tusidanganyane hapa kaburini: alikuwa mkali. Dada yake Easter, anayewasomea haya, ana kovu kwenye paji la uso la jiwe alilorushiwa na marehemu.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 huko Ganda, Malindi, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kombe Kahindi na Mama Kabibi, akimfuata Masha. Hao wawili walipigana tangu kutambaa. Shule ya msingi aliisoma hapo hapo Ganda, 1965 hadi 1971, akafukuzwa mara mbili kwa ajili ya ngumi na mara mbili akarudishwa, maana hesabu alizijua.

Mwaka 1978 alipata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli moja ya ufuoni Malindi. Huko mgeni mmoja alimwachia kaseti ya wimbo wa roki, wa magita ya kunguruma, na tangu hapo Karisa hakuwa wetu tena. Alinunua gita kuukuu. Kaseti aliisikiliza kwa betri alizozianika juani zipate nguvu, nazo zikichoka wimbo ulijikokota kama mgonjwa. Akaujifunza hivyo hivyo. Siku alipotia betri mpya aliruka: "Ala! Kumbe wanakimbia!" Akaanza upya. Mkewe Kanze, binti wa Mnarani aliyemwoa Desemba 1980, alicheka mpaka akaketi chini.

Agosti 1983 Mzee Kombe alifariki. Siku ya pili ya matanga Karisa aliketi nyuma ya jiko akirudia kipande kimoja cha wimbo, kwa kuwa Jumamosi ile bendi ya hoteli ilikuwa imwite kumjaribu. Masha, aliyekuwa mgema, akatokea akitoka mnazini na kotama yake mkononi, kile kisu kilichopinda cha kugemea.

"Baba hajapoa ardhini nawe wapiga kelele za Wazungu!"

"Baba hasikii. Anayeumwa ni wewe."

Masha alipiga mara moja. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilianguka mchangani, na gita likalowa damu. Karisa alimrukia kaka yake akamng'ata sikio, na wanaume wanne ndio waliowaachanisha.

Wazee wa ukoo waliketi, wakamtoza Masha fahali na mbuzi. Karisa, mkono umefungwa kanga, akakataa. "Fahali hana vidole. Amenikata vyangu, basi anipe vyake." Alitaka kila alasiri Masha aje abane nyuzi, yeye acharaze, mpaka wimbo ujulikane mwanzo hadi mwisho. Wazee walinong'onezana, wakakubali. Hukumu ni hukumu, na Masha akafika.

Karibu miaka sita, jamani! Benchi moja, gita moja, na matusi ya kumzibisha shetani masikio. Masha alikuwa na vidole vizito. Kwa kila kosa Karisa alimchapa kofi, na Masha alimtwanga kwa kichwa. Mara mbili gita lilivunjwa mgongoni mwa mtu, likagundishwa. Lakini kufikia Krismasi ya 1988 waliupiga wimbo karibu wote, na aliyefumba macho alidhani mpigaji ni mmoja. Walipendana mno, ingawa ungewaambia hivyo ungetukanwa.

Jumapili tarehe 4 Juni 1989, Masha akiwa mnazini, Karisa aliingia klabu moja ya tembo mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, kujiombea yeye na Masha nafasi ya kupiga. Mtu mmoja akacheka: "Gita moja watu wawili? Na kijiko mwashikiana?" Karisa alimvunjia kiti kichwani. Yule mtu akamdunga kisu tumboni, mara tatu.

Hospitalini kidonda kilifanya usaha. Masha alifika na kotama chini ya shati.

"Nitajie jina."

Kanze alikuwa ameshawapa polisi jina hilo. Karisa alimjua kaka yake: akilipata tu, atachinja mtu, kisha atanyongwa. Akamwambia, "Nitakutajia tukimaliza wimbo. Nenda kalete gita."

Wakapiga kitandani, kwa sauti ya chini, jasho likimtiririka mgonjwa. Kila walipokaribia mwisho, Karisa alikosea. Pale pale, kila siku. "Tuanze tena." Siku ya sita Masha alipiga ukuta ngumi mpaka wagonjwa wakaamka.

"Wewe hukosei! Waharibu makusudi!"

Karisa alishika tumbo akacheka, machozi yakamtoka kwa maumivu. "Wataka jina? Basi keti ubane."

Masha akaketi. Karisa alifariki Jumanne tarehe 13 Juni, saa kumi alasiri, vidole vya kaka yake vikiwa bado nyuzini.

Amemwacha mama yake, mkewe Kanze, watoto wawili, Kombe na Kabibi, dada yake Easter, na kaka yake Masha.

Masha, tangu Jumanne wauliza jina la mtu yule. Jana ulimkaba Kanze koo, na alama zipo, kila mtu azione. Hatutakutajia, si leo wala kesho. Mwenzio aliteseka siku tisa ili usilijue, na wimbo huo hautaisha. Njoo mbele umtilie mchanga wa kwanza, kisha ututukane ukitaka.

Karisa apumzike. Nawe, Masha, pumzika.