Eusebio Calle Tarqui, Mkono Uliosoma Matairi (1950–2019)

Zamani dereva wa Yungas, mabonde yetu haya ya Bolivia, aliinama kutazama matairi kisha akamwomba Mungu. Siku hizi humwomba Mungu ili asiiname.

Ndugu yangu Eusebio alizaliwa tarehe 14 Agosti 1950 huko Yolosa, mtoto wa tatu wa Mzee Anselmo Calle na Mama Petrona Tarqui. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ya zamani, ile iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Usiku mama alisikiliza malori yakiteremka. Ngurumo yao ikikatika ghafla, alipiga magoti, nasi tukajifunika blanketi.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya kijiji, mpaka mwalimu alipohamishwa na hakuletwa mwingine. Mwaka 1965 alipelekwa La Paz, mtaa wa Villa Fátima, kwa fundi Hilarión Poma. Huko alifundishwa kupitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi. Likiwa laini kwenda na likakwaruza kurudi, basi magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Yanaburutwa, na barabara inalila tairi upande. Alaimenti yake yote, yaani kunyoosha magurudumu, ilikuwa uzi uliovutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, na ukucha wa kidole gumba wa kupimia nafasi. Leo kuna mashine zenye taa, nazo ni nzuri, lakini mtu akishapewa karatasi ya mashine haangalii tena.

Alifunga ndoa na Basilia Choque hapa Coroico tarehe 22 Mei 1976. Njiani kuelekea kanisani alisimamisha lori la harusi, akapapasa tairi la mbele, akamshusha bibi harusi.

Mama mkwe akasema, “Binti yangu anaolewa na kichaa.”

Basilia akavua viatu. “Mama, tutembee. Kichaa huyu angalau anatazama chini.”

Walifika na matope hadi magotini, na padri akawasubiri.

Kuanzia mwaka 1979 alifanya kazi La Cumbre, kule juu ambako madereva husimama kumwagia magurudumu pombe kali na kumwomba Mama Dunia ruhusa ya kuteremka. Wao walimwaga, yeye alipapasa. Alichokiogopa ni mchezo wao mmoja: tairi likilika ukingo wa nje, hulivua na kuligeuza kwenye rimu, ukingo mzima utazame watu, uliolika ujifiche ndani. “Mnaipaka maiti poda,” aliwaambia. Kiganja chake kilifika huko nyuma, ambako jicho halifiki. Zamani dereva aliyeambiwa “hapana” alirudi. Miaka ya karibuni walicheka, wakaondoka.

Mwaka 2016 alipatwa na kisukari. Vidole vilikufa ganzi, akaanza kuweka shavu juu ya tairi. Madereva wakasema, “Mzee kapata mchumba.” Mimi peke yangu nilijua sababu. Aliniambia, “Kaka, nauogopa mkono unaosema ndiyo kwa kila kitu.” Sikumwambia mtu. Hilo nitalijibu mbele za Mungu.

Tarehe 2 Februari 2019, sikukuu ya Bikira Maria wa Candelaria, mpwa wetu Grover alifika La Cumbre na basi dogo lenye abiria kumi na wanne, nami nikiwa mmoja wao. Ukungu ulikuwa mzito. Eusebio alipapasa tairi la mbele la kulia, kisha akaweka shavu. Baridi ilikuwa imeliua shavu pia.

“Grover, kata usukani mpaka mwisho, nione ndani.”

“Mjomba, tutachelewa misa. Umeshalibusu, inatosha.”

Hapo ndugu yangu akafungua mlango, akatuambia sote alichokificha miaka mitatu. “Mkono wangu haufai tena. Sisemi tairi ni bovu. Nasema sijui. Shukeni.”

Tulishuka, wote, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Neno lile “sijui,” kutoka kwake, lilitutia baridi kuliko upepo. Grover alikasirika, akawasha gari aondoke nalo tupu. Eusebio akapanda kiti cha mbele. “Peke yako huendi. Mkono umekufa, sikio bado.”

Tairi lilipasuka kwenye kona ya tatu. Grover alirushwa upande wa mlima, akavunjika mguu. Ndugu yangu alikwenda na gari korongoni. Tairi lilipatikana likiwa limelika upande wa ndani hadi nyaya; lilikuwa limegeuzwa mwezi Januari. Grover yuko hapa pamoja nasi. Ni yeye aliyeniomba nisome jambo hili bila kulifunika.

Marehemu ameacha mjane, Basilia, watoto wawili, Nieves na Rómulo, wajukuu watano, dada yetu Justina aliyemzaa Grover, nami Néstor, kaka yake. Mungu ampe mahali tambarare pa kupumzika. Nanyi mtakaoteremka kutoka hapa leo, inameni kwanza. Naogopa kurudi tena na karatasi kama hii.

Mara ya mwisho nilipomwona, basi lilikuwa linaanza kuingia ukunguni. Alikuwa ameshusha kioo, kichwa nje, sikio kalielekeza kwenye gurudumu. Sisi kumi na wanne tulikuwa tunapiga kelele arudi. Akainua kidole, akatuashiria tunyamaze, asikie.