Mama Majitu na Rafu ya Visasili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maktaba hii, mkutubi wetu mwandamizi anastaafu. Wasomaji wanamwita Mama Majitu. Walioajiriwa juzi hudhani jina limetokana na umbo lake, lakini akikaa nyuma ya dawati la kuazimia huonekana miwani tu na kitambaa cha kichwa. Alibatizwa na msomaji aliyesahau jina la kitabu, la mwandishi na la mkutubi, akabaki kuuliza mlangoni kwa sauti, "Yuko wapi yule mama wa majitu?" Mkuu wa maktaba alipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, hakutaka saa wala kochi. Aliomba rafu yake isiondolewe. Mpaka jana mchana hatukujua kama ataipata zawadi hiyo.

Alianza kazi katika chumba cha chini, akishona vitabu vilivyoachia kurasa. Kisha akahamishiwa magazeti, ambako hakudumu kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akisoma badala ya kupanga. Ndipo akapelekwa kwenye visasili: hadithi za kale za mataifa ya dunia, za mbingu na ardhi zilivyotengana, za miungu, majitu, na mashujaa walioshuka kuzimu kuwafuata wapendwa wao. Rafu hiyo iko pembeni, kati ya mlango wa stoo na dirisha lisilofunga vizuri. Mtu mwingine angeona kapewa adhabu. Yeye alileta mto wa kukalia kutoka nyumbani, tukajua huyu hana mpango wa kuondoka.

Anayeanza kusoma visasili ana tabia moja. Hunyoosha mkono moja kwa moja kwenye kitabu kinene kuliko vyote, chenye miungu wote wa dunia kuanzia A hadi Z, kama mtu anayechagua gunia la mkaa. Baada ya siku chache anakirudisha kimyakimya, na hatumwoni tena. Sisi tulisema watu hawapendi kusoma. Mama Majitu hakukubali. Kwa mazoea ya chumba cha chini alivichukua vitabu akavitazama ukingoni, upande wa kurasa. Vile vinene vilikuwa vyeusi kwa vidole mwanzoni tu, na kuanzia hapo ni vyeupe kama vimetoka kiwandani jana. Baadhi ya vyembamba vilikuwa vimechafuka mpaka ukurasa wa mwisho. "Uchafu hausemi uongo," akatuambia, na tangu siku hiyo kitabu kilichochafuka mpaka mwisho ndicho alichompa mgeni.

Ushauri wake tunaujua kwa moyo. Anza na taifa moja, usianze na dunia nzima, maana bandu bandu huisha gogo. Mtangulize msimulizi, mchambuzi atafuata; huwezi kuelezwa maana ya hadithi ambayo hujaisikia. Hakikisha nyuma kuna orodha ya majina, kwa sababu miungu huoana na kuzaana bila mpango wowote na utapotea kabla ya sura ya tatu. Kitabu kinene ni cha kuuliza swali, si cha kusoma mfululizo. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa anamuuliza msomaji: utotoni, nyumbani kwenu, mlisimuliwa nini? Aliyetaja mnyama mdogo mjanja alipewa wajanja wa nchi za mbali. Aliyetaja mafuriko alipewa gharika ya watu wengine. Msomaji aliondoka akiwa na mwenyeji wa kumpokea huko aendako.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aligoma kusikia, akabeba kile kinene. Kilirudi na alama ya kikombe cha chai kwenye jalada, na fundi akaungama kwamba kilimfaa sana kuzuia mlango usijifunge. Mama Majitu hakumgombeza. Alimpa kijitabu cha mungu mfua vyuma mwenye mguu mbovu, anayewatengenezea wenzake silaha huku wao wanamcheka. Fundi akarudi amefura. "Wanamdharau fundi, halafu mambo yakiharibika wanamkimbilia! Hawa ni wateja wangu kabisa!" Hadi leo ni msomaji wetu, na bawaba za mlango wa stoo alizichomelea bure.

Siku nyingine mzazi alikuja juu, akitaka kujua kwa nini binti yake amepewa kitabu cha miungu wa watu. Tuliinamisha vichwa kwenye kazi ambazo hatukuwa nazo. Mama Majitu akamvutia kiti. "Kupita mbele ya nyumba ya jirani si kuhamia, baba. Unaangalia tu wamejengaje." Yule baba akakaa ili akikague kitabu. Tulimgongea kengele ya kufunga, hakusikia. Aliondoka nacho, kwa kadi yake mwenyewe.

Basi mwaka huu ikaja amri ya kutafuta nafasi kwa vitabu vya mitihani, na macho yote yakageukia rafu ya pembeni. Mkuu wetu si mtu mbaya, tena ni mtu wa haki. Alimwambia Mama Majitu kwamba vitabu vitakavyokutwa vimelala kwenye rafu siku ya ukaguzi, kabla hajastaafu, vitaingia stoo, na vilivyo mikononi mwa wasomaji havitaguswa. Hatukuwahi kumwona akihangaika vile. Aliacha mto wake, akawa anazunguka katikati ya meza za watu waliokuja kupigwa na kiyoyozi tu, anainama, anauliza wamesimuliwa nini kwao. Dada wa mapokezi alimwomba apumzike miguu. Akamjibu, "Nitapumzika sana kuanzia tarehe moja, mwanangu."

Jana mchana mkuu alifika na mtunza stoo, kaka mmoja mzito wa maneno, na katoni za kutosha. Roho zetu zilikuwa juu. Kwenye rafu tulikuta vile vinene vimesimama peke yao na nafasi tupu pande zote. Vikaingizwa katonini, kimoja kimoja. Mama Majitu alisaidia kuvibeba, akisema wazee hao waacheni walale, tukiwa na swali tutawaamsha. Mkuu akaanza kuipima rafu kwa ajili ya vitabu vya mitihani. Hapo mtunza stoo akauliza, "Sasa, hivi vilivyoazimwa vyote, wiki ijayo vikirudi, vitakaa wapi?"

Mkuu akatazama nafasi tupu, akatazama tepu mkononi, akacheka mpaka akashika ubao wa rafu. Akasema ibaki. Mama Majitu alivua miwani akalia waziwazi, na sisi ambao tulikuwa tumejiapiza kutolia hadi siku ya sherehe tukavunja kiapo hapohapo.

Mama Majitu, asante. Ulitufundisha kwamba mtu anayekirudisha kitabu bila kukisoma hajakataa kusoma, amekosa tu wa kumchagulia. Rafu tumeipokea, na tunaogopa kidogo, lakini tutauliza kama ulivyouliza. Tunakuombea siha njema, wajukuu wasiochoka kusikiliza, jioni ndefu pamoja na mzee wako nyumbani, na, baada ya miaka yote hii ya kuwagongea wengine mhuri wa tarehe, kitabu ambacho hakuna atakayekuuliza utakirudisha lini.