Mwalimu Sikuzani na Kuku wa Chinongwe

Mwalimu Sikuzani Isihaka amefundisha Baiolojia kwa miaka thelathini na sita, na tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu rasmi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumikia shule yetu hapa Nachingwea. Waliopita mikononi mwake wametapakaa kila mahali: wauguzi, mabwana shamba wa korosho, na hata mwandishi wa taarifa hii, aliyebanwa maswali ya seli mpaka akayaota.

Jumamosi za mechi ya Namungo, nusu ya ofisi ya walimu huelekea Ruangwa. Yeye hubaki na kidato cha nne na chaki yake. Mpira haujui, wala hajifanyi kuujua. Jamani, aliwahi kutuuliza refa ni wa timu gani!

Alipoajiriwa alikuwa na stashahada. Kidato cha tano kilipofunguliwa, aliambiwa wazi kwamba bila shahada hatakifundisha. Akajisajili kusoma shahada ya kwanza kwa masafa, huku akiwa kazini na akilea watoto watatu. Alifaulu kila somo, likabaki moja tu: jenetiki, elimu ya namna viumbe wanavyorithishana maumbile. Somo hilo lilidai utafiti wa vitendo, na muda wake wa usajili ulikuwa umebaki miaka miwili. Ukiisha kabla hajamaliza, masomo yote yangekuwa kazi bure.

Alichagua kuku. Alipandisha mitetea wa kawaida kwa jogoo wa kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya, ili aone wajukuu wao watatoka na shingo gani. Nyumba za walimu hazina uwanja, hivyo kuku walifugwa kijijini Chinongwe kwa mama mkwe wake, Bi Biasha. Kizazi cha wajukuu kikakua, Mwalimu akisubiri likizo aende kuwahesabu. Alipofika alikuta manyoya. Wageni walikuwa wamekuja kwenye sherehe ya jando, na Bi Biasha, mtu wa watu, aliwachinja kuku wote. Tena alisifia kwamba vishingo hawana kazi kunyonyoa.

Mwenzake wa masomo, Edwin, alimshauri aandike tu robo tatu vishingo na robo moja wa kawaida, kama kitabu kinavyosema. Nani angejua? Mwalimu alikataa katakata. Alisema kuku hao hakuwaona, basi hawezi kuwaandika. Akaanza upya, amebakiwa na mwaka mmoja.

Safari hii Bi Biasha alielezwa, akaelewa. Tatizo ni kwamba wageni hawaelezwi. Sikukuu ya Idd walikuja wale wale, akawaandalia ugali, kisamvu na dagaa, huku kuku wanene wakipita mlangoni. Maneno yakafika hadi sokoni kwamba mama yule siku hizi mchoyo. Kwa mwanamke aliyejulikana kijiji kizima kwa ukarimu, hiyo ni aibu, asikwambie mtu. Ilimuuma sana. Lakini hakuchinja hata mmoja.

Kati ya kuku thelathini na wawili, vishingo walikuwa ishirini na sita. Kwa hesabu ya kitabu walitakiwa ishirini na wanne. Mwalimu aliandika ishirini na sita, akaeleza kwa nini tofauti hiyo ni ya kawaida, na akafaulu. Tangu hapo amefundisha kidato cha tano na cha sita, na mwanafunzi anayepika majibu ya maabara hurudishwa mwanzo bila mjadala.

Baada ya mahafali alikwenda Chinongwe na joho lake. Bi Biasha aliwaita wageni wale wale wa Idd, akachinja kuku wa utafiti, na akamkataza mkwewe kukanyaga jikoni. Akamkalisha mkekani mbele ya watu, akamnawisha mikono mwenyewe, kisha akawaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyewalisha dagaa. Mwalimu anasema alilia mpaka akashindwa kula.

Bi Biasha sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Nyumba yake ndiyo Mwalimu anayohamia. Mwalimu Sikuzani, asante kwa kila kipindi. Umetuachia pengo, hatufichi. Nenda salama Chinongwe, ulale asubuhi bila kengele, uwe na afya, na maisha yako yawe mema.

Obadia, Idara ya Sayansi