Papa Zagabe, Aliyelala kwenye Machela

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2024, Papa Zagabe anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji yetu ya Muhungu. Mimi, Nathalie, ninayerithi kazi yake, nimeombwa niandike ukurasa wa furaha kwa ajili ya sherehe. Nimejaribu. Lakini tangu Jumatano moyo wangu hautulii, na atakayesoma hadi mwisho ataelewa.

Aliingia mwaka 1993 kama muosha vipuri. Miaka sita baadaye alikuwa fundi wetu wa klachi, au ambreyaji kama tunavyosema hapa, na mji wenye milima kama huu haumnyimi kazi fundi wa ambreyaji.

Kosa lake kubwa hulisimulia mwenyewe. Mwaka 2006 alifunga disiki mpya ya klachi kwenye basi dogo la Padri Théodore, na jioni hiyohiyo gia zikaanza kulia kama maharagwe makavu ndani ya sufuria. Alifungua giaboksi mara tatu, hakukuta hata jino moja lililovunjika, na Padri akatembea kwa miguu mwezi mzima. Mara ya nne ndipo alipoitazama disiki. Ile ya zamani ilikuwa na springi katikati, za kumeza mitikisiko ya injini. Ile mpya, ya bei rahisi, haikuwa na hata moja, kwa hiyo mitikisiko yote ilifika kwenye gia.

Tangu siku hiyo hakuna disiki iliyoingia garini kabla hajailaza kando ya ile ya zamani, akahesabu springi na kukwaruza bitana, yaani uso wake wa msuguano, kwa ukucha. Tulimwita Papa Duane, yaani Papa Forodha, kwa kuwa hata forodhani hawakagui hivyo.

Kwa ambulansi alikuwa na desturi ya peke yake. Hakuendesha. Alivua viatu, akalala kwenye machela, akaagiza mwingine alisimamishe gari mlimani na kuliondoa tena, mara tatu. "Chofere anasikiaka pedale," alituambia, yaani dereva huisikia klachi kwa mguu tu. "Mugonjwa anasikiaka mu mifupa." Siku moja alipitiwa na usingizi humo ndani, na Maman Rosalie, mpishi wetu, alipochungulia akaanza kumlilia. Tulipata kazi kumnyamazisha, hasa maiti alipoomba chai.

Jumatano ililetwa ambulansi ya kituo kimoja cha afya huko juu ya Katana. Disiki iliyopatikana mjini ilikuwa ya bitana ngumu, isiyo na springi: haitelezi hata gari likielemewa, lakini inashika kwa ghafla. Tuliifunga, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Kisha Papa Zagabe akachukua ufunguo, akanionyesha machela.

"Leo ni weye."

Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya pili nilisikia mgongo. Mara ya tatu kichwa kiliruka kutoka kwenye mto, nikamfikiria mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tuliporudi alitoa fomu ya ambulansi. Alinipa kalamu, nikaandika: Haitoki.

Disiki yenye springi inakuja na meli ya Goma Jumamosi. Gracien, dereva wa ambulansi, amekwishapiga simu mara nne. Huko juu kuna mama ambaye siku zake zimefika, na pikipiki iliyobaki huko si gari. Naogopa. Sijui kama nilichosikia ni disiki au ni hofu yangu.

Nilimuuliza Papa Zagabe kama nimekosea. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Ni weye ulilala pale," akasema.

Basi wageni wetu wasamehe: leo mtazunguka ambulansi iliyosimama katikati ya uwanja, ikiwa imefunguliwa tumbo. Asante, Papa, kwa masikio uliyotupa. Nenda salama kwenye shamba la mpunga la mkeo, Maman Lucie, kule Luberizi, na siku zako ziende laini, bila kugongagonga. Ila Jumamosi usizime simu. Meli ikifika tutafunga disiki, Emile, fundi mwenzangu, ataendesha, na mimi nitavua viatu.