Ng'ombe wa Fundi Viatu

“Friji nimeuza lini mimi, shemeji? Mimi nashona viatu!”

Teksi ya kuchangia, siti ya nyuma. Fundi viatu yuko kulia, mdogo wa mke wake kushoto, mimi katikati, na simu yenye mfumo wa kodi, ambamo shemeji huyo humwandikia fundi mauzo, inapita mbele ya pua yangu kwenda na kurudi. Ofisi ya kodi imemwita fundi akajieleze leo, la sivyo kibanda chake kinafungwa.

“Friji nane,” fundi akasoma. “Kitanda. Na huyu je? Ng'ombe?”

“Nilikuwa najifunza, shemeji. Si ulisema nijaribujaribu kwanza?”

“Ujaribu kwenye biashara yangu?”

“Sasa ningejaribu kwenye ya nani?”

Hapo hata mimi nilikwama. Kweli, ya nani?

“Basi futa.”

“Haifutiki. Unaandika kwamba mteja amerudisha.”

“Amerudisha ng'ombe?”

Dereva akapunguza redio.

“Ndiyo. Ila ukimrudisha, mfumo unauliza umemweka stoo gani.”

Fundi akanitazama mimi, kana kwamba ng'ombe nimemficha mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Teksi ikasimama nje ya ofisi ya kodi. Fundi akafungua mlango, mguu mmoja nje.

“Haya, na viatu nilivyoshona mwaka mzima, umeviandika wapi?”

“Viatu bado, shemeji. Nilikuwa sijamaliza kujifunza.”

Nilidhani ataubamiza mlango. Alishuka, akaufunga taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.