Mama Tarehe na Samansi ya Fundi Cherehani

Ndugu waombolezaji, anayedhani mwanamke aliyeishia darasa la nane hawezi kumfanya wakili wa suti atoe leso mahakamani ajifute jasho, asimame sasa hivi aseme naongeza chumvi, kisha baada ya mazishi anifuate nimwonyeshe mafaili, maana nimeyabeba kwa mikono yangu miaka minane. Najua kuna wanaonong'ona kule nyuma kwamba familia imeishiwa watu mpaka karatasi hii ya wasifu nimepewa mimi, niliyeikimbia shule kidato cha pili, lakini binti ya marehemu sauti imemkauka kwa kulia, baba mkubwa ameikalia miwani yake asubuhi hii, na tuseme ukweli, katika ukoo huu hakuna anayenizidi kwa kusoma kwa sauti, wala kwa sura.

Marehemu shangazi yangu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Tarehe, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, saa moja asubuhi, katika nyumba ya tatu kutoka kisima cha shule, akiwa mtoto wa nne kati ya sita na wa kike peke yake. Alianza darasa la kwanza Januari 1965, akamaliza la nane Novemba 1972 akiwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, jambo ambalo mpaka mwezi uliopita alikuwa bado analikatia rufaa. Nafasi ya sekondari ilienda kwa kaka yake, ndiye huyu baba mkubwa wa miwani, ambaye alirudi nyumbani baada ya mihula miwili akilalamikia chakula cha bweni, na marehemu akaenda zake kujifunza kupiga chapa kwa miezi tisa, akatoka anapiga bila kutazama vidole.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kuwa karani mpiga chapa katika mahakama ndogo iliyo jirani na posta, na hapo ndipo alipoiona kazi yake halisi, kwa sababu kila wiki aliingia mwanamke akasema mume wangu ananipiga kila siku, hakimu akamuuliza siku gani, mwanamke akainamisha kichwa, na yeye karani akapiga chapa maneno "mlalamikaji hakujibu." Alisema aliyapiga maneno hayo mpaka vidole vikayajua vyenyewe, na tarehe 2 Julai 1990 aliacha kazi, akafungua ofisi ya msaada wa sheria katika chumba cha nyuma ya fundi viatu, chumba chenye meza moja, kabati la chuma lenye kufuli mbili, na viti viwili, kimoja kikiwa kimeelekezwa mlangoni, na hicho ndicho alichompa mteja, ili amwone kila anayeingia kabla hajaonwa.

Kila aliyekuja kwa talaka, kwa malezi ya watoto au kwa kipigo, alipewa daftari la shule akaambiwa aandike mambo matatu tu, tarehe, kilichotendeka, na aliyeona, na ukiandika kwamba mume wako ni shetani alikufutia kwa wino mwekundu, akakwambia, "Shetani hashtakiwi hapa mwanangu, hana anwani." Asiyejua kuandika aliambiwa alete kadi za kliniki za watoto, kisha marehemu akauliza taratibu, siku hiyo mtoto alikuwa ametoka kuchanjwa au bado, shule zilikuwa zimefungwa au zimefunguliwa, mpaka ile "kila siku" ikawa siku kumi na saba zenye tarehe zake, na mume mmoja aliyeshindwa akatoka mahakamani akilalamika kwamba yule mama ana tarehe kuliko kalenda, jina likamganda tangu hapo.

Msidhani aliwasaidia wanawake peke yao, maana yupo humu seremala aliyefichwa mtoto wake mwaka mzima, akasaidiwa vilevile, kwa kuwa marehemu alisema malezi hayaangalii sketi wala suruali, yanaangalia mtoto atalala wapi na nani atamwamsha. Wakili wetu wa kujitolea, aliyekuja kila Jumatano kusaini na kusimama mbele ya hakimu, anajua kwamba aliyasoma aliyoandikiwa na marehemu, na sasa hivi ananikazia macho, wakili, tulia, sijakutaja jina.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, huyu aliyekaa mbele yetu, na watu walipomuuliza mwalimu anawezaje kulala fofofo pembeni ya mwanamke anayezijua njia zote za kwenda kwenye talaka, aliwajibu, "Ndiyo maana naosha vyombo." Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1984 na ambaye ni muuguzi, na Januari 2008 wakaongezewa mimi, mtoto wa mdogo wake marehemu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba na mama yangu walipoachana, kesi ambayo aliipeleka ofisi nyingine kwa sababu hakushika kesi za ndugu, lakini alinikuta barazani nje ya mahakama nimenuna, akaniambia, "Hujagawanywa wewe, umeongezewa nyumba."

Mwaka 2016 alinipa kazi ya kupeleka samansi, yaani hati za kuwaita watu mahakamani, na amri za mahakama kwa pikipiki, na hapo, jamani, mniache nijisifu kidogo, nimepeleka karatasi zaidi ya mia nne, nimemngoja mwanamume aliyejificha ndani ya tanki la maji mpaka akatoka mwenyewe akitetemeka, na mwingine nilimkabidhi yake kwa kinyozi akiwa amenyolewa nusu kichwa, akapima kama akimbie, akajitazama kwenye kioo, akasaini.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mmekuwa mkipasubiri, kwa sababu wapo waliokuja kumzika Mama Tarehe huku wakiamini kwamba aliilalia kesi ya fundi cherehani. Tarehe 4 Machi 2019, siku ya Jumatatu, fundi alikuja ofisini mkono ukiwa kwenye bendeji na daftari lenye tarehe kumi na tisa, na siku hiyohiyo hakimu akatoa samansi yenye amri kwamba mume asiikaribie nyumba wala asiwaondoe watoto, amri ambayo inaanza kumbana mtu pale tu anapokabidhiwa. Karatasi ilifika mlangoni kwake Alhamisi, na Jumatano yule bwana alikuwa ameshawachukua watoto wote wawili getini kwa shule, akatoweka nao. Marehemu aliandika mbele ya kamati inayosimamia ofisi za msaada wa sheria kwamba amri ilikaa kwenye faili lake kwa uzembe wake mwenyewe, akasimamishwa miezi sita, watu wakasema uzee umemwingia, na fundi akaacha kumsalimia.

Miezi hiyo sita hakukaa kivivu, aliandika barua sitini na tatu kwa wakuu wa shule, akiwauliza kama wamepokea ndugu wawili katikati ya muhula, na alipoambiwa hana cheo cha kuandika barua za ofisi, alijibu kwamba anaandika kama bibi wa mtaa. Mkuu mmoja tu wa shule alijibu, na huyo mmoja alitosha, watoto wakarudi kwa mama yao tarehe 12 Februari 2020, baada ya miezi kumi na moja, na marehemu hakwenda hata kusimama mlangoni apokee shukrani.

Alianza kuugua figo Juni 2022, akaendelea kuja ofisini siku tatu kwa wiki, na hata alipolazwa alikuwa akiwasahihishia wauguzi tarehe kwenye cheti chake, mpaka alipofariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, wodi ya wanawake, kitanda cha tisa, mwalimu akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira yao, majirani walioleta viti na kupika, wafanyakazi wenzake wote, wakili, na fundi viatu, ambaye kwa miaka thelathini na minne amewaambia wanaume waliokuja wakiwaka hasira kwamba huko nyuma ni stoo ya ngozi.

Karatasi niliyopewa na familia imeishia hapo, na baba mkubwa ananionyesha nikae, lakini kuna jambo ambalo sikulisoma kwa sababu halikuandikwa. Marehemu alinikabidhi ile amri Jumatatu, saa tisa na dakika kumi alasiri. Yule bwana alikuwa nahodha wa timu yetu ya mpira, nikamkuta uwanjani, akaniwekea mkono begani mbele ya wenzangu, akasema, "Mdogo wangu, nipe mpaka Alhamisi niyaongee na mke wangu kiutu uzima," na mimi, shujaa wa tanki la maji, nilivimba kichwa kwa kuombwa na nahodha, nikaitia karatasi ndani ya jaketi. Nilipomweleza shangazi, watoto wakiwa wameshachukuliwa, alisema, "Wewe watakufunga, mimi watanipumzisha," kisha akafungua daftari la ofisi, akaandika kwamba alinikabidhi Alhamisi, na hiyo ndiyo tarehe pekee ya uongo niliyowahi kumwona akiandika.

Fundi, dada yangu, nakuona hapo safu ya pili na wanao. Miezi kumi na moja uliyokaa bila wao niliisababisha mimi, na salamu uliyomnyima shangazi miaka yote hii nilistahili kunyimwa mimi. Wakili yupo, kamati ipo, nikimaliza hapa sikimbii.

Shangazi, wewe pumzika, hii kesi nimeishika mwenyewe.