Saa Iliyopiga Nne: Maisha ya Muzee Edmond Munguakonkwa, Fundi wa Saa wa Birere (1958–2025)

Padri wetu, Mama Domitille, ndugu, majirani wa Mugunga, na ninyi mafundi wa Birere mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii, mimi ni Gisèle, binti wa kwanza wa marehemu, na historia hii ilipaswa kusomwa na baba mudogo Wenceslas, mdogo wake marehemu, aliyeketi pale kwenye kiti cha mbele, lakini yeye alituletea historia ya fundi wa saa isiyotaja saa hata moja, mama akaisikiliza mpaka mwisho, akaikunja, akaniambia, "Gisèle, utasoma weye, na usiruke kitu."

Muzee Edmond Munguakonkwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Walungu, upande wa Bukavu, mtoto wa kwanza wa mama mkulima na wa baba aliyekufa mapema, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1964 hadi 1970, akaingia sekondari mjini Bukavu, na mwaka 1973 akaiacha, kwa sababu nyumba haikuweza kusomesha wawili na Wenceslas alikuwa amefika umri wa kuanza. Wenceslas alisoma mpaka diploma. Papa hakulijutia jambo hilo hata siku moja, sisi wengine tumelijuta kwa niaba yake.

Mwaka 1974 alipokelewa katika karakana ya Mgiriki mmoja mzee aliyetengeneza saa za mkono huko Bukavu, akaanza kwa kufagia chini ya meza, kazi ambayo pale haikuwa ya dharau, maana ndipo vinapoangukia vipande vidogo kuliko mbegu ya mtama, akajifunza kuosha, kukereza, kusawazisha, na mwaka 1983 akahamia Goma na kufungua kibanda chake Birere. Tarehe 2 Agosti 1986 alifunga ndoa kanisani na mama yetu Domitille, na Mungu akawapa watoto wanne, mimi Gisèle, Mapendo, Gentil na Perpétue.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilipotapika, lava ilimeza kibanda chake na saa zote za wateja, naye akakimbia akiwa amebeba mgongoni ile mashine ndogo ya kukereza vyuma, godoro ameliacha, na mama alimkumbusha habari za godoro hilo mpaka mwaka huu. Tukajenga Mugunga, juu ya mawe, na hapo, mwaka 2004, akaanza kazi ambayo ndiyo imetuketisha hapa na uchungu wa namna hii, yaani saa yake mwenyewe.

Watu wa Birere walicheka, na wengine wao nawaona hapa, wakimuuliza mutu anatengeneza saa kwa nini wakati kila mutoto ana saa kwenye simu. Ilikuwa saa ya mkono ya kukaza kwa vidole, isiyo na pile, yaani betri, na pembeni ina kitufe, ukikibonyeza nyundo mbili ndogo zinagonga waya wa chuma na kukuambia saa na dakika hata gizani. Magurudumu alikata mwenyewe, vijiwe vya rubi vya kushikilia magurudumu alivitoa katika saa zilizokufa, waya wa kengele ulitoka kwenye gitaa la kwaya, nalo gitaa lilikaa wiki nzima bila kuimba. Aliimaliza mwaka 2017, akaandika kwenye kadrani, ule uso wa saa, E. Munguakonkwa, Goma. Na ilipiga hesabu yetu. Mishale ikionyesha kumi, wakati Mfaransa anasema dix heures, kengele ilipiga nne, maana kwetu hiyo ni saa nne.

Mwaka 2018 baba mudogo Wenceslas, aliyekuwa akifanya biashara na nchi za nje, aliomba kuipeleka Ulaya kwenye maonyesho ya saa, na papa akampa bila karatasi wala shahidi, kwa sababu kwetu waliobebwa mgongo mmoja hawaandikiani. Alirudi na picha yake mwenyewe gazetini, saa ikiwa mkononi mwake, na kwenye kadrani jina la papa lilikuwa limefutwa, limeandikwa Wenceslas & Fils, yaani Wenceslas na Wanawe, yeye ambaye hata bisibisi hajui inashikwa upande gani. Na alirudi na malalamiko, kwamba wanunuzi walibonyeza kitufe saa ikionyesha kumi, wakasikia nne, wakacheka, naye badala ya kuwaeleza hesabu aliyolelewa nayo, akasema kuna kosa la mfanyakazi.

Papa hakupandisha sauti. Alisema, "Hii saa inahesabu vile mama yetu alikuwa anahesabu, haina kosa." Kuisahihisha wanavyotaka ilikuwa kazi ya kung'oa mshale wa saa na kuugeuzia upande wa pili, maana hesabu hizo mbili zinapishana saa sita, nusu ya duara, na hilo alilijua vizuri, akanyamaza nalo, kwa kiburi chake, maana alikuwa nacho. Basi baba mudogo akaipeleka kwa fundi wa mji mwingine, akamwambia arekebishe sauti, na yule akafungua, akapiga tupa kile kiduara chenye ngazi kumi na mbili kinachoamuru kengele ipige mara ngapi, akakiharibu kabisa. Saa ikawa bubu. Hakuna aliyeinunua, ikatupwa kabatini kwa Wenceslas, na papa akaendelea kubadilisha pile za saa za plastiki.

Mwaka 2022 alipatwa na ugonjwa wa sukari, macho yakafifia, mikono ikaanza kutetemeka, na vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 dawa zikawa za kubahatisha, uwanja wa ndege ukafungwa, na safari ya matibabu tuliyoipanga ikafia hapo. Lakini katika ugonjwa huo huo alikuwa anakata kiduara kipya, kwa ajili ya saa ambayo hakuwa nayo, kwa vipimo alivyovihifadhi kichwani. Tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, alikata roho hapa nyumbani, akiwa amekata ngazi saba.

Siku ya pili ya kilio baba mudogo alileta saa, akaomba ivalishwe mkononi mwa marehemu ili apige picha ya kuwatumia wateja wake. Mama aliipokea saa, picha akaikataa. Jana mchana Mahoro wa Kiwanja, mwanafunzi wa papa, ambaye leo ana kibanda chake mwenyewe, aliifungua na kukiweka kile kiduara kipya cha papa jinsi kilivyoachwa, na saa inapiga, lakini inapiga kuanzia saa moja mpaka saa saba tu, kisha inanyamaza.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia hata pale dawa zilipokosekana, jirani yetu Harelimana na watu wa Mugunga waliochota maji na kulala nasi, mafundi wa Birere, kwaya iliyotoa waya wake, na baba mudogo Wenceslas, aliyelipia sanduku hili zuri, tunamshukuru kwa sanduku. Saa haitarudi kabatini mwake. Mama amemkabidhi Mahoro, ambaye atakata ngazi zilizobaki na kurudisha kwenye kadrani jina lililofutwa, na mshale hataugusa.

Papa, mkono wako unakwenda mutupu. Misa hii imeanza saa nne, na wote mmeisikia saa yako ikipiga nne, hata wewe, baba mudogo. Kaburini tutafika saa nane. Papa, pale haitapiga kitu. Pumzika kwa amani.